Gari Iliyopimwa kwa Maharage

Mama alianguka kutoka kwenye pikipiki siku ya Jumapili, tukielekea misa ya kwanza, kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu ulio nyuma ya nyumba yake kule Butembo. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Mimi nilikuwa kwenye pikipiki iliyofuata, kwa hiyo niliona kila kitu: gurudumu likateleza polepole, dereva akatupa mguu chini, na mama, ambaye huketi ubavu kama wanawake wa umri wake, akashuka upande kama gunia linaloteremshwa na mchukuzi aliyechoka. Hakupiga kelele. Alikaa matopeni, akavuta kitenge chake kifunike magoti, akasema mkono hausikii. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika.

Mkono ulifungwa kwa wiki nyingi. Siku muuguzi alipoufungua, mama aliunyoosha mara mbili, akanitazama.

"Mimi na pikipiki tulimalizana," alisema. "Mukitaka nitoke hapa, mulete gari. Kama hapana, muniache nikae kwa nyumba yangu."

Kukaa nyumbani si jambo ambalo mama angeliweza. Anauza maharage sokoni tangu kabla sijazaliwa. Zaidi ya hayo, alikuwa na mdogo wake, wa pekee aliyebaki hai katika tumbo lao, anayeishi upande wa Mabalako, mbele kidogo ya Mangina. Mama mdogo huyo hasikii vizuri, na simu kwake ni kitu cha bure. Salamu zilipita kwa jirani, na jirani alizifupisha. Magari ya abiria huishia Mangina penyewe. Kutoka hapo hadi kwake ni pikipiki tu. Walikuwa hawajaonana kwa miaka minne, kwanza kwa sababu ya hali ya usalama njiani, ambayo kila mtu wa huku anaijua, kisha kwa sababu ya bega.

Mimi ni mwalimu wa jiografia mjini Beni, katika komini, yaani wilaya ya mji, ya Ruwenzori, na jioni nauza vitenge sebuleni kwangu. Mume wangu anafanya kazi ya Serikali Kisangani na hurudi wakati wa likizo. Nilipomwambia kwa simu kwamba nataka tununue gari ndogo, alicheka.

"Gari ndogo, kwa njia ya huko? Nunua jeep," alisema. "Ungoje mwaka moja, tununue jeep. Batu batasema nini, mimi nafanya kazi yote hii, na bibi yangu anatembea ndani ya kasanduku?"

Nilimwambia kwamba jeep hunywa mafuta kama harusi inavyokunywa bia, na kwamba mama hana mwaka wa kungoja. Alisema salio lake linaisha, akakata. Nilichukua hilo kuwa ruhusa, ingawa nilijua si ruhusa.

Kuendesha nilikuwa nimejifunza miaka miwili nyuma, katika shule ya udereva Beni, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na mmoja. Nilijua kuweka gia na kurudi nyuma. Kuhusu gari lipi ni zuri sikujua kitu. Nilikwenda kwa fundi mmoja wa Butembo, mzee ambaye gereji yake ni kontena la zamani lililokatwa ubavu, ndiye aliyekuwa akitengeneza lori lililopeleka maharage ya mama zamani. Nilimkuta chini ya gari, nikaongea na miguu yake.

"Unataka gari ya namna gani?" aliuliza kutoka kule chini.

"Ndogo. Ya bei ya kawaida. Yenye hapana kuniacha kwa njia."

"Zote zinaachaka batu kwa njia." Alijitokeza, akapangusa mikono kwa kitambaa. "Sikia, mwalimu. Usianze kutafuta gari. Anza kutafuta pyesi. Ingia kwa maduka ya pyesi hapa, uingie na ya Beni, ufike mpaka Mangina. Uliza mukanda ya moteri, uliza amortisere ya magurudumu. Gari yenye pyesi yake iko kwa kila duka, hata kwa ule mutu anauza pa meza, njo hiyo ununue. Rangi ni mambo ya kanisa siku ya harusi."

Nilipomsimulia mama, alifurahi kama mtu aliyesikia lugha yake ikisemwa ugenini. "Ule fundi iko na akili," alisema. "Njo vile na mbegu. Maharagi yenye batu bote banalima, ukikosa mbegu, jirani atakupa. Ile ya pekee, ikikufia, umebaki."

Basi Jumamosi mbili tulizunguka maduka ya pyesi, yaani vipuri. Mama alikataa nimwache. Katika kila duka aliketi kwenye kiti cha muuzaji, akashika vipande vya vyuma mkononi kana kwamba anavipima uzito, akauliza bei, akaipunguza kwa mazoea ingawa hatukuwa tunanunua. Wauzaji walituuliza gari letu ni lipi. Tukasema bado hatuna. Mmoja alidhani tunamdhihaki. Lakini mwisho wa Jumamosi ya pili jibu lilikuwa wazi: kuna aina moja ya gari dogo la Kijapani, la milango mitano, lenye pua fupi, ambalo vipuri vyake vilikuwa kila mahali, vipya na vilivyotumika, mpaka Mangina kwa mtu anayeuza pia sabuni na chumvi.

La kwanza la aina hiyo nilisikia liko Beni, kwenye komini ya Bungulu. Mama alikuja kwa gari la abiria kulitazama nami. Lilikuwa jeupe, linang'aa, limeegeshwa mbele ya duka la mwenyewe, mfanyabiashara kijana aliyevaa saa kubwa. Viti vilikuwa na vifuniko vipya, na ndani kulinukia marashi mpaka macho yakaniwasha. Nililipenda. Nakiri kwamba nilishajiona nikiingia nalo uwanja wa shule.

Mama aliomba kukaa ndani. Alifunga mlango, akakaa peke yake dakika nzima huku madirisha yamefungwa. Sisi tulisimama nje tukimtazama. Kisha akainama, akanyanyua zulia la miguuni kwa mkono wake mzima, akaingiza vidole chini yake, akavinusa.

Alifungua mlango. "Hii ilikunywa mayi," alisema.

"Mukaka, hapana," kijana alisema, akimwita bibi kwa Kinande. "Iko mupya kabisa. Ilitoka kwa meli, ikapita Uganda, ikafika hapa."

"Labda njo kwa meli ilikunywa, mi sijui. Lakini ilikunywa." Akamwonyesha vidole, vilikuwa na matope meusi, laini kama majivu. "Marashi iko juu. Chini iko harufu ya depo yenye mvua iliingia. Hiyo harufu mi naijua. Mara ingapi balitaka kuniuzia maharagi yenye ilikunywa mayi, kisha banaanika, banaweka na majani ya kunukia."

"Uko mekanisye, fundi ya magari, Mukaka?"

"Hapana. Niko muuzaji."

Kijana alikasirika kidogo, akasema kuna watu wengine watatu wanaolitaka. Baadaye, tulipokuwa tumeshavuka barabara, alinifuata akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe aliuziwa hivyo na hakujua afanye nini nalo. Nilimwonea huruma. Mama hakumwonea huruma. Alisema mtu akiuziwa kibaya ana njia mbili, kukila au kukisema.

La pili lilipatikana Butembo, kupitia fundi. Mwenyewe alikuwa afisa wa Serikali kutoka Kasai, aliyekuwa amehamishwa na anatakiwa kuondoka kwa ndege pamoja na mke na watoto. Gari halipandi ndege. Lilikuwa la kijivu, limebonyea mlango wa nyuma, na mkia wake ulikuwa na rangi tofauti kidogo na kichwa. Usukani ulikuwa upande wa kulia, kama magari mengi yanayotufikia kutoka Uganda, wakati sisi huku tunaendesha mkono wa kulia wa barabara. Maana yake dereva anaketi kando ya mfereji, haoni mbele akitaka kupita lori. Nililitazama na moyo ukashuka.

Afisa hakutusifia chochote. Alituletea viti nje, mkewe akaleta maji ya kunywa, kisha akaanza kuhesabu makosa.

"Mama, nitakuambia ya kweli," alimwambia mama, kwa Kiswahili chake chenye Lingala ndani. "Dirisha ya nyuma hapana kushuka. Gia ya pili iko nguvu asubui, mpaka moteri ipate moto. Ukipanda mulima na haraka, itachemka. Ukienda malembe, pole pole, hapana kuchemka. Ile mulango iligongwa na ngombe."

"Ngombe?" mama aliuliza.

"Ngombe, ndiyo. Ilikuwa inaogopa pikipiki."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyeambiwa jambo la busara.

"Na muzuri yake?" niliuliza mimi.

Afisa alifikiri. "Bibi yangu alizaa mara mbili hapa Butembo. Mara zote mbili ilikuwa mvua, na mara zote mbili ilimufikisha." Akautoa ufunguo mfukoni. "Zaidi ya hapo iko gari tu."

Fundi, aliyekuwa amekuja nasi, aliingia chini ya gari, akatoka, akafungua injini, akasikiliza, akapima mafuta kwa vidole. Akasema twende tukalipandishe mlima. Hapo mama alisema ngoja. Akawatuma wachukuzi wawili sokoni, wakaja na magunia mawili ya maharage kutoka depo yake, yaani ghala lake, akaamuru yawekwe nyuma.

"Mama, tunajaribu tu," nilimwambia.

"Bure kuijaribu tupu. Tupu, hata mimi napanda mulima."

Kwa hiyo tuliondoka hivyo: fundi kwenye usukani, afisa kando yake, mimi na mama nyuma, na maharage mgongoni mwetu. Fundi alichagua mlima mbaya kuliko yote, ule wenye mifereji iliyochimbwa na mvua. Katikati ya mlima alisimama makusudi, akavuta breki ya mkono, akazima. Gari lilikaa. Watoto waliokuwa wakichota maji walitutazama. Aliwasha tena, likatetemeka, likanguruma kama mtu anayenyanyuka na mzigo kichwani, likapanda. Juu kabisa fundi alishuka, akaweka kiganja kwenye boneti, akangoja.

"Haikuchemka," alisema.

Mama aliomba bei ipunguzwe mara moja tu. Afisa akapunguza. Nilisubiri mama aombe tena, maana sijawahi kumwona akinunua hata nyanya kwa bei ya pili, lakini alimpa mkono. Njiani kwenda nyumbani nilimuuliza kwa nini.

"Mutu anakuanzishia na mabaya," alisema, "ukimukamua tena, utamufundisha uongo."

Siku ya kukabidhiana, tulimkuta afisa amelipeleka mwenyewe kijitoni kuliosha. Watoto wake walikuwa wamekaa ukutani wakitazama. Aliponipa ufunguo alisema tu kwamba linapenda kuamshwa taratibu. Mume wangu nilimtumia picha. Alijibu kwa neno moja: "Kasanduku." Kwa siku tatu hakupiga simu, na mimi pia sikupiga. Siku ya nne alipiga kuuliza kama nimekagua hewa ya magurudumu.

Nilisubiri msimu mvua zinapopungua. Tuliondoka Beni Jumamosi asubuhi, mimi na mama, aliyekuwa amelala kwangu, kuelekea Mangina. Mama alikaa mbele, kushoto, mahali ambapo dereva angekuwa kama gari lingekuwa la nchi hii, na ikawa yeye ndiye anayeona barabara. Tulipofika nyuma ya lori la mbao nilimwambia anitazamie.

"Bado," alisema.

Tulikula vumbi la lori lile kwa kilomita nzima.

"Na sasa?"

"Bado. Kuko mutu na mbuzi."

"Mama, mutu na mbuzi anaweza kupisha."

"Mbuzi hapana kujua kama uko mwalimu."

Aliposema "sasa" nilipita. Baada ya malori mawili nilizoea. Kwenye kizuizi askari alichungulia, akauliza kwa Kilingala tunakwenda wapi, akaangalia kikapu cha samaki wakavu magotini mwa mama, akatufungulia.

Kutoka Mangina njia ni nyembamba, kati ya kakao na migomba, lakini ilikuwa kavu, na gari likapita pale ambapo jeep ingekwaruza pande zote mbili. Nyumba kadhaa tulizopita zilikuwa zimefungwa, majani yamepanda mlangoni.

Mama mdogo hakusikia gari. Alikuwa amekaa uani, mgongo kwetu, akimenya mihogo. Nilitaka kupiga honi, mama akanizuia. Alishuka mwenyewe, akatembea mpaka nyuma ya mdogo wake, akaweka mkono begani kwake. Mama mdogo aligeuka. Alimtazama, muda mrefu, usoni, kisha begani, kisha usoni tena. Kisha akarudi kwenye muhogo aliokuwa nao, akaumaliza kuumenya, akauweka ndani ya maji, akaweka kisu chini. Ndipo akasimama.

Walilia kidogo, bila sauti. Mimi nilikwenda kutazama magurudumu ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Tulikula sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki tuliowaleta. Mama aliongea kwa sauti kubwa sikioni mwa mdogo wake, kwa Kinande, na majirani wachache waliobaki walisikia habari zote za ukoo wetu. Mama mdogo alisema halimi tena shamba la mbali, analima lile la karibu na nyumba. Walio upande huu wamehama, walio upande ule wamehama. Yeye alibaki kwa sababu hakuna aliyemwambia kwa namna ambayo angesikia.

Saa nane mawingu yalijikusanya, yasiyo ya msimu huo. Nilisema tuondoke. Mama alisimama, akamwonyesha mdogo wake mlango wa gari, akapaza sauti.

"Panda."

"Niende wapi?"

"Kwangu. Butembo."

Mama mdogo alilitazama gari, akazunguka akaugusa ule mlango uliobonyea. "Iko kadogo," alisema.

"Na wewe uko kadogo," mama alijibu.

Ilichukua chini ya saa moja. Sikuwahi kuona nyumba ikifungwa haraka hivyo: masufuria mawili, panga, picha ya marehemu mume wake ndani ya fremu, kitenge cha harusi, mto, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Wengine wanane aliwaachia jirani. Alifunga mlango kwa kufuli, akatikisa, akaingia kiti cha nyuma bila kugeuka.

Mvua ilitukuta kabla ya kurudi kwenye njia kubwa. Ndani ya nusu saa udongo ulikuwa uji. Mahali ambapo njia inashuka kwenye bonde, jeep kubwa nyeupe ilikuwa imekwama, imekaa mshazari, magurudumu yake yakizunguka bure na kurusha matope. Wanaume kama kumi walikuwa wakisukuma, na haikusogea. Mmoja wao alikuja kwenye dirisha langu.

"Madame, hii haitoke mpaka kesho. Lakini hiyo yako tunaweza kubeba."

"Kubeba namna gani?"

"Kubeba."

Niliwaomba mama zangu washuke. Mama alishuka na mwavuli. Mama mdogo hakusikia, au alijifanya hasikii, akabaki ndani na kuku wake. Wanaume wakashika chini ya pande zote, wakahesabu, wakanyanyua, wakalipitisha kando ya jeep, juu ya migomba iliyolazwa, hatua kwa hatua, na mama mdogo ndani yake ameketi wima, akitazama mbele kama askofu. Walipoliweka chini, upande wa nyuma uligonga jiwe. Nilisikia kitu kikikatika.

Lilikuwa bomba la moshi. Tuliingia Beni tukinguruma kama lori la mizigo, watu wakigeuka pande zote mbili za barabara, wakitafuta gari kubwa linalokuja. Nilikuwa na haya. Nyuma yangu mama mdogo aliniambia kwamba gari langu ni zuri, halina kelele.

Bomba jingine lilipatikana Jumatatu katika duka la pili nililoingia. Jumamosi iliyofuata niliwapeleka Butembo. Mume wangu alikuja likizo mwezi uliofuata. Aliketi kwenye usukani, magoti yakigusa chini ya dashibodi, akalizungusha mtaani mara mbili, akarudi akasema kioo cha kutazamia nyuma kinahitaji kukazwa. Akakikaza mwenyewe.

Mama mdogo anaishi na mama mpaka sasa. Wanagombana kuhusu chumvi na kuhusu nani alikuwa kipenzi cha baba yao. Asubuhi huenda pamoja sokoni, na mama anaposhikwa na shughuli humwacha mdogo wake kwenye meza ya maharage. Wateja wanajaribu kumwomba apunguze bei. Wanaeleza kuhusu ada za shule, kuhusu msiba, kuhusu mvua. Yeye anawatazama kwa upole, anaonyesha vidole vile vile vya bei alivyoonyesha mwanzo, na mwishowe wanalipa.